Steve Redgrave na dhahabu tano za Olimpiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Steve Redgrave ni nani?

Ni mpiga makasia wa Uingereza, aliyezaliwa tarehe 23 Machi 1962 huko Marlow, mji mdogo ulio kando ya mto Thames. Alishinda dhahabu katika Olimpiki tano zilizofuatana: Los Angeles 1984, Seoul 1988, Barcelona 1992, Atlanta 1996 na Sydney 2000. Ongeza shaba moja ya Seoul, dhahabu tisa za Mashindano ya Dunia, na dhahabu tatu za Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambazo zote alizitwaa mwaka 1986.

Mwanamama wa Romania, Elisabeta Lipă, naye ana dhahabu tano za Olimpiki katika mchezo huu, na medali zake kwa jumla ni nyingi kuliko za Redgrave. Tofauti ni kwamba Lipă alipitwa na dhahabu mwaka 1988, ingawa hakutoka Seoul mikono mitupu. Redgrave hakukosa dhahabu katika Olimpiki yoyote kwa miaka 16. Katika mchezo unaochosha mwili kiasi hiki, hilo ndilo jambo la kuchunguzwa.

Aliingiaje katika mchezo huu?

Kupitia shule ya kawaida ya serikali, si zile shule za ada kubwa zilizozoea kutoa wapiga makasia wa Uingereza. Mwalimu wake wa Kiingereza ndiye aliyemwita mtoni, kwa kuwa alikuwa na mikono na miguu mikubwa. Redgrave ana disleksia, kusoma na kuandika kulimpa shida, na aliacha shule akiwa na miaka 16. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa kushinda akiwa peke yake katika boti ya mtu mmoja. Alijaribu kwa miaka kadhaa, akashinda mara mbili kombe la boti hiyo katika mashindano ya Henley, mwaka 1983 na 1985, lakini kwenye ngazi ya dunia hakufua dafu. Kukubali kwamba nguvu zake zinafaa zaidi kwenye boti ya watu wawili au wanne ndiko kulikomfungulia njia.

Alishinda katika boti zipi, na akina nani?

Mwaka 1984 ilikuwa boti ya wanne wenye nahodha, yaani mtu asiyepiga kasia bali anayeongoza usukani: Martin Cross, Richard Budgett, Andy Holmes na Redgrave, usukani ukishikwa na Adrian Ellison. Mwaka 1988 alipiga pamoja na Holmes katika boti ya wawili bila nahodha. Katika mashindano hayohayo ya Seoul waliingia tena na boti ya wawili yenye nahodha, Patrick Sweeney, wakapata shaba.

Holmes alipostaafu, Redgrave alishirikiana na Simon Berrisford na kupata fedha ya dunia mwaka 1989. Mwaka uliofuata akaunganishwa na kijana wa miaka 19, Matthew Pinsent. Hao wawili walishinda Barcelona 1992 wakiwa karibu sekunde tano mbele ya Wajerumani, na Atlanta 1996 wakiwa chini ya sekunde moja mbele ya Waaustralia. Dhahabu ya Atlanta ndiyo pekee ambayo Uingereza iliipata katika Olimpiki ile nzima.

Baada ya hapo wakahamia boti ya wanne bila nahodha pamoja na James Cracknell na Tim Foster. Foster alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, nafasi yake ilijazwa na Ed Coode, na boti ikashinda dunia mwaka 1999 vilevile. Foster alirudi kabla ya Sydney.

Ukiitazama orodha hii utaona kwamba karibu kila kitu kilibadilika: aina ya boti, wenzake, makocha. Kocha Mike Spracklen alimlea katika miaka ya 1980. Kuanzia 1991 akaja Jürgen Gröbler, aliyetokea Ujerumani Mashariki. Aliyebaki palepale ni Redgrave.

Je, dhahabu ya 1984 ina uzito uleule, wakati nchi za kikomunisti zilisusia?

Ni swali la haki. Umoja wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki, waliokuwa vigogo wa mchezo huu, hawakwenda Los Angeles. Jibu lilikuja miaka iliyofuata. Redgrave na Holmes walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1986 na 1987, kisha dhahabu ya Seoul, na safari hizo zote wapinzani walikuwepo.

Kwa nini boti ya wawili bila nahodha inahesabiwa kuwa ngumu zaidi?

Kwa sababu kila mtu ana kasia moja tu, mmoja upande wa kulia na mwingine kushoto, na hakuna wa tatu wa kurekebisha makosa. Boti ina urefu wa takriban mita 10, upana wake majini haufiki nusu mita, na uzito wake wa chini kisheria ni kilo 27. Wanaume wawili wa kilo mia moja kila mmoja wameketi juu ya kitu ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba begani.

Mmoja akivuta kwa nguvu zaidi, omo, yaani ncha ya mbele ya boti, inakwenda upande wa mwenzake. Mmoja akitia kasia majini mapema kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, boti inapinda na kulala upande, na yule mwingine anakosa nafasi ya kutoa kasia lake. Usukani nao unaongozwa kwa mguu: kiatu cha mmoja wao kimefungwa kwenye mhimili, na waya unatoka hapo hadi tezi, yaani nyuma ya boti, ulipo usukani. Akigeuza ncha ya kiatu, usukani unageuka. Lakini kila usukani unapogeuka unakwamisha maji na kula mwendo, kwa hiyo wapigaji wazuri huinyoosha boti kwa kulinganisha nguvu na huugusa usukani kwa nadra.

Ndiyo maana kubadilisha mwenzi si jambo dogo. Urefu wa mpigo, kasi ya kurudi kwenye kiti, hata namna mtu anavyovuta pumzi, vyote vinaanza upya. Redgrave alifanya hivyo mara kadhaa na akaendelea kushinda.

Vifaa vinapangwaje?

Boti ya kisasa imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Kiti kina magurudumu na kinateleza juu ya reli mbili fupi, hivyo miguu ndiyo inayofanya kazi kubwa, si mikono kama watu wengi wanavyodhani. Viatu vimefungwa ndani ya boti, na sheria inadai kisigino kisiinuke zaidi ya sentimita 7, ili boti ikipinduka miguu ichomoke yenyewe. Kwenye ncha ya omo kuna kijimpira cheupe, chenye kipenyo kisichopungua sentimita 4. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia boti kumchoma mtu zikigongana, na ya pili ni kuonekana vizuri kwenye picha ya mstari wa mwisho.

Kasia la mtu mwenye kasia moja lina urefu wa takriban mita 3.7. Kutoka katikati ya boti hadi kwenye pini ya kishwara, yaani kishikio cha kasia, kuna karibu sentimita 86 kwa boti ya wawili, na karibu 84 kwa boti kubwa zaidi, kwa kuwa boti inayokwenda kasi inahitaji mpangilio tofauti. Sentimita moja tu inaleta tofauti unayoisikia mgongoni. Umbali ukiwa mdogo mno, kasia huwa zito na mpigo hufa kabla ya mbio kwisha. Ukiwa mkubwa mno, unavuta kwa wepesi lakini boti haiendi. Bapa la kasia huegemezwa kidogo, kwa nyuzi kama 4, lisije likazama sana wakati wa kuvuta. Bapa likizama na kugoma kutoka, mpini unarudi kwa nguvu tumboni au kifuani mwa mpigaji. Ajali hiyo imewapotezea wengi fainali, na mara nyingine humrusha mtu nje ya boti.

Mbio za mita 2000 zinakwendaje?

Kuna njia sita zilizotengwa kwa maboya, na wapigaji wanatazama nyuma, yaani wanaona walikotoka na wale waliowaacha. Anayeongoza huwaona wote. Aliye nyuma haoni mtu.

Mwanzo unapigwa kwa mipigo 42 hadi 48 kwa dakika, na mipigo mitano ya kwanza huwa mifupi, kwa sababu boti iliyosimama haivutiki kwa mpigo mrefu. Baada ya sekunde 30 hadi 45 wanashuka hadi mipigo 36 au 38. Hapo ndipo wasio na uzoefu wanapoharibu: wanachelewa kushuka, misuli inajaa asidi, na ifikapo mita ya 1000 miguu imekuwa mizito. Robo ya tatu, kati ya mita 1000 na 1500, ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa kuwa mwanzo umeshasahaulika na mwisho hauonekani. Mita 250 za mwisho wanapanda tena juu ya mipigo 40. Kwa jumla ni mipigo 220 hadi 240.

Redgrave na Pinsent walijulikana kwa kushika uongozi mapema na kuwaacha wengine wajiulize kama kufukuza kuna maana. Mtindo huo unahitaji pumzi ya kutosha kuulinda uongozi wenyewe, na pumzi haipatikani siku ya mbio.

Alifanya mazoezi kiasi gani?

Chini ya Gröbler, mazoezi mawili hadi matatu kwa siku, karibu kila siku ya mwaka. Watu hutarajia kusikia habari za kujitesa kwa kasi, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mwendo wa chini: kilomita 16 hadi 20 kwa mkupuo, mipigo 18 hadi 20 kwa dakika, kila mpigo ukiwa mzito na mrefu. Sababu ni kwamba katika mbio za dakika sita, robo tatu hivi ya nishati inatokana na oksijeni. Injini hiyo inajengwa polepole, na inajengwa kwa wingi wa kilomita.

Makocha hupima mwendo huo kwa tone la damu kutoka kwenye ndewe ya sikio. Laktati, kitu kinachojaa kwenye damu misuli inapozidiwa, ikizidi kama milimoli 2 kwa lita, mpigaji huambiwa apunguze. Kosa la vijana wengi ni kupiga mazoezi mepesi kwa nguvu kupita kiasi, kisha siku ya mazoezi magumu wanakuwa wamechoka. Wanaishia katikati, si huku wala kule, na kwa miezi hawaoni maendeleo.

Kuna vyuma vya gimu pia, na mashine ya nchi kavu, maarufu kama ergomita, ambayo kila mpigaji anaichukia na hakuna anayeikwepa. Mashine haina mwenzi wa kusingiziwa. Namba inatoka vilevile.

Alishindaje Olimpiki akiwa na kisukari?

Aligunduliwa Novemba 1997, baada ya kiu isiyokatika. Alikuwa tayari ameishi na ugonjwa mwingine, vidonda vya utumbo mpana, uliomsumbua vibaya mwaka 1992 miezi michache kabla ya Barcelona.

Mwanzoni alifuata ushauri wa kawaida wa kupunguza sukari na wanga, na nguvu zikaporomoka. Ni jambo linaloelezeka: mpiga makasia wa kiwango chake anakula karibu kalori 6000 kwa siku, na misuli inaendeshwa na wanga uliohifadhiwa ndani yake. Ukiukata, tangi halijai kabla ya zoezi la pili. Yeye na daktari wake wakageuza mpango. Akaendelea na chakula cha mwanamichezo, wanga kwa wingi, na insulini ndiyo ikarekebishwa kufuata chakula na mazoezi. Alipima sukari mara nyingi kwa siku na kujidunga kwa dozi ndogondogo.

Hatari kubwa kwa mtu wa namna hii majini ni sukari kushuka. Mazoezi yanaendelea kuinyonya sukari hata saa kadhaa baada ya kumaliza, kwa hiyo mtu anaweza kutetemeka usiku na si mazoezini. Ndani ya boti lazima kuwe na kitu kitamu cha haraka, na wenzake wajue dalili: jasho la ghafla, kuchanganyikiwa, mpigo kupoteza mwendo bila sababu.

Tunaliweka hili wazi kwa wagonjwa wanaotusoma: mpango wa Redgrave ulikuwa wa mtu anayefanya mazoezi saa nyingi kila siku chini ya uangalizi wa daktari bingwa. Usiunakili. Unachoweza kukichukua ni kwamba dozi, mlo na mazoezi hupangwa pamoja na daktari wako, si kimoja kimoja.

Fainali ya Sydney ilikuwaje?

Ilipigwa tarehe 23 Septemba 2000 huko Penrith, pembezoni mwa Sydney. Redgrave alikuwa na miaka 38. Miezi miwili tu kabla, Julai, boti hiyohiyo ilimaliza ya nne katika mashindano ya Lucerne, Uswisi, na wengi walisema mzee amefika mwisho.

Waliketi hivi kuanzia omo: Cracknell, Redgrave, Foster, kisha Pinsent aliyeongoza mwendo. Walichukua uongozi mapema na kuulinda, huku Waitaliano wakikatisha maji mita baada ya mita. Katika mita 250 za mwisho Waitaliano walikuja kwa kasi kubwa kuliko boti yoyote. Waingereza walimaliza kwa dakika 5 na sekunde 56.24, Waitaliano wakafuata kwa tofauti ya sekunde 0.38, na Australia ikachukua shaba. Mipigo michache zaidi na hadithi ingekuwa nyingine.

Kilichofuata kinaonyesha watu hawa walikuwa nani kwa kila mmoja. Redgrave alikuwa amejiinamia, hana hata nguvu ya kuinua kichwa. Pinsent aliacha kasia, akapanda juu ya Foster akitambaa kuelekea omo, akamkumbatia Redgrave, kisha akateleza na kutumbukia majini.

Si alisema baada ya Atlanta kwamba asionekane tena karibu na boti?

Alisema, mbele ya kamera, na akaruhusu yeyote atakayemwona humo ampige risasi. Alitamka hayo akiwa bado anahema baada ya fainali. Miezi michache baadaye alikuwa mazoezini.

Aliishi kwa pesa gani?

Kwa muda mrefu ilikuwa taabu. Upigaji makasia hauna mishahara ya mpira wa miguu, na hadi 1996 alitegemea wafadhili wa hapa na pale. Fedha za bahati nasibu ya taifa zilipoanza kuwafikia wanamichezo wa Uingereza mwaka 1997, mambo yalibadilika: posho, madaktari, safari za kambi. Dhahabu nne kati ya tano zilipatikana kabla ya mfumo huo.

Ni majeraha gani huwapata wapiga makasia?

Mgongo wa chini unaongoza. Kisha mbavu kupata ufa kutokana na kuvuta mamia ya maelfu ya mipigo: maumivu ya upande yanayozidi ukikohoa au ukigeuka kitandani si ya kupuuzwa, na dawa yake ni kupumzika wiki kadhaa. Kiganja kina malengelenge daima. Yasafishwe na yafunikwe, na ngozi ya juu isichunwe. Kifundo cha mkono huvimba kwa wale wanaokaba mpini. Kasia hushikwa kwa vidole, siyo kwa ngumi.

Alifanya nini baada ya kustaafu?

Alipewa cheo cha Sir mwaka 2001. Mwaka 2012 aliuingiza mwenge wa Olimpiki ndani ya uwanja wa London na kuwakabidhi vijana saba waliowasha moto. Mwaka 2018 alikwenda China kuongoza programu ya taifa ya makasia.

Je, Afrika Mashariki ina nafasi katika mchezo huu?

Ipo, na imeshaanza kutumika. Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda kwenye makasia Tokyo na tena Paris 2024. Asiya Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yake katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alipiga makasia kwa niaba ya Kenya katika Paralimpiki ya Tokyo, akitumia mabega na mikono peke yake, mwili ukiwa umefungwa kwenye kiti kisichoteleza. Njia kuu ya kufika Olimpiki kutoka bara hili ni mashindano ya kufuzu ya Afrika, ambayo mwaka 2019 na 2023 yalifanyika Tunis.

Kwa watu wa pwani kuna habari kubwa zaidi. Los Angeles 2028 italeta kwa mara ya kwanza mbio za makasia za ufukweni. Mpigaji anakimbia mchangani, anaruka ndani ya boti, anapiga mita 250 akizunguka maboya, anarudi mita 250, kisha anakimbia hadi mwisho. Boti hizo ni pana na nzito na zimejengwa kwa ajili ya mawimbi. Hazihitaji ziwa tulivu la kilomita mbili, kitu ambacho nchi nyingi hazina.

Mwanangu ni mrefu na ana pumzi. Aanzie wapi?

Kwanza ajue kuogelea vizuri, na nguo mwilini. Hilo halina mjadala. Kisha atafutiwe ergomita, na afundishwe mpangilio wa mpigo: miguu inasukuma, mgongo unafunguka, mikono inamalizia. Kurudi ni kinyume chake, mikono kwanza, mgongo, miguu mwisho. Kurudi kuchukue karibu mara mbili ya muda wa kuvuta. Wanaoanza hukimbilia kurudi, wakifika mbele wanagonga na kuipunguza boti mwendo.

Kidude cha pembeni mwa mashine hiyo, chenye namba 1 hadi 10 za kuongeza uzito wa kuvuta, asikipeleke 10 akidhani anajenga misuli. Hapo anaumiza mgongo tu. Kati ya 3 na 5 panawatosha wengi. Aanze na dakika 20 kwa mipigo 18 hadi 20, mara tatu kwa wiki, akiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Jaribio la mita 2000 lisubiri hadi mpigo wake ushike umbo, hata kama itachukua miezi miwili au mitatu.